Nani Asemaye? Lugha na Mtenda katika Mabishano ya Watazamaji wa The Exorcist

Utangulizi

Tarehe 26 Desemba 1973 filamu iitwayo The Exorcist, iliyoongozwa na William Friedkin, ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani. Chanzo chake ni riwaya ya jina hilohilo iliyotungwa na William Peter Blatty na kutolewa mwaka 1971, na Blatty mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wa filamu. Habari zake ni za msichana wa miaka 12, Regan MacNeil, anayeishi na mama yake katika mtaa wa Georgetown mjini Washington. Msichana huyo anapatwa na maradhi ambayo madaktari hawayajui, na hatimaye mapadri wawili wa shirika la Wajesuti, Lankester Merrin na Damien Karras, wanaitwa kumtoa pepo. Watu walipanga foleni ndefu katika baridi ya Desemba na Januari ili kuitazama. Baadhi yao walizirai au kutapika ndani ya jumba la sinema. Filamu hiyo iliteuliwa kushindania Tuzo 10 za Oscar, ikashinda mbili: ya mswada na ya sauti. Mwaka 2010 iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa la Marekani.

Zaidi ya miaka 50 imepita tangu hapo, na wapenzi wa filamu hii hawajaacha kubishana juu yake. Mtu angetazamia kwamba mabishano yao yangehusu vioja vinavyoonekana kwa macho, kama kile kichwa kinachogeuka hadi mgongoni au kitanda kinachopaa. Sivyo. Vioja hivyo husimuliwa kwa furaha na kumalizwa upesi. Maswali yanayorudi kila mara ni mengine: Je, ni nani anayesema kwa kinywa cha Regan? Ni mmoja au ni wengi? Na mwishoni, ni nani aliyemrusha Padri Karras dirishani?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mabishano hayo, katika kiini chake, ni mabishano juu ya lugha. Kadhalika, yanakusudia kuonyesha kwamba mtu atakaye kuyaeleza kwa Kiswahili hawezi kuepuka kuchukua upande, kwa kuwa maneno ya Kiswahili yahusuyo pepo yamekwisha kubeba majibu ndani yake.

Lugha kuwa ushahidi

Kitabu cha ibada cha Kanisa Katoliki, Rituale Romanum cha mwaka 1614, kilimwonya padri asiwe mwepesi wa kusadiki kwamba mtu amepagawa, kisha kikampa ishara za kumwongoza. Ishara ya kwanza ilikuwa ya lugha: mgonjwa aseme maneno mengi ya lugha asiyoijua, au amwelewe mtu aisemaye. Nyingine zilikuwa kufichua mambo ya mbali na yaliyofichika, na kuonyesha nguvu zilizozidi umri na maumbile yake. Karras, ambaye ni padri na pia ni daktari wa magonjwa ya akili, anazifuata ishara hizo kama hakimu afuatavyo sheria ya ushahidi. Hapa ndipo watazamaji wanapogawanyika.

Kundi la kwanza hushikilia kwamba filamu haikutoa ushahidi wa kutosha. Wao huelekeza kidole kwenye mazungumzo ya Karras na mgonjwa. Pepo anatupa maneno machache ya Kilatini, Karras anamwuliza kwa Kilatini, "Jina langu nani?" na anajibiwa kwa maamkizi ya Kifaransa. Anauliza tena, naye anajibiwa kwa maneno juu ya kalamu ya shangazi, sentensi ambayo wanafunzi wa Kifaransa hukutana nayo katika masomo yao ya mwanzo. Kwa mwanaisimu jambo hili ni dhahiri. Kujua mafungu ya maneno si kujua lugha. Ajuaye lugha huweza kutunga sentensi ambayo hajapata kuisikia, na huweza kujibu swali aliloulizwa. Pepo huyu anakwepa swali. Pia Karras anamnyunyizia maji ya bomba akidai kwamba yamebarikiwa, na mgonjwa anapiga mayowe kana kwamba ameunguzwa. Kundi hili linasema basi kwamba huyu ni mtoto mgonjwa aliyevunjika moyo kwa sababu ya talaka ya wazazi wake. Hata jina analomwita rafiki yake wa siri mwanzoni mwa filamu, Captain Howdy, linafanana na Howard, ambalo katika riwaya ni jina la baba yake.

Kundi la pili hujibu kwamba pepo mwenye akili hawezi kutoa ushahidi utakaomfukuzisha. Wao hutaja mambo mawili. Kwanza, mgonjwa anatoa sauti ya mwombaji mlevi ambaye Karras alikutana naye peke yake katika kituo cha treni ya chini ya ardhi, na baadaye anatoa sauti ya mama yake Karras, Mgiriki aliyekwisha kufa. Mambo hayo Regan hakuwa na njia ya kuyajua. Pili, kuna ule utepe wa sauti.

Karras anairekodi sauti ya mgonjwa na kuipeleka kwa mtaalamu wa lugha katika chuo kikuu. Mtaalamu huyo anamweleza kwamba lugha ile si ya kigeni hata kidogo: ni Kiingereza kilichosemwa kinyumenyume. Wapenzi hodari wa filamu wameona hata bango lililotundikwa katika chumba hicho, lenye neno la Kijapani, tasukete, ambalo maana yake ni "nisaidie". Na baadaye katika filamu, maneno ya kuomba msaada yanajitokeza juu ya ngozi ya tumbo la mtoto.

Msomaji wa Kiswahili ataukumbuka hapa mchezo wa kinyume, ule usemi wa siri ambao Edward Steere alikwisha kuuonyesha katika karne ya 19. Katika kinyume silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzoni: maji huwa jima, na kitabu huwa bukita. Matokeo yake hutamkika kwa urahisi, maana silabi zenyewe hazikuguswa. Kugeuza utepe ni jambo lingine. Huko sauti moja moja hupinduliwa, kitabu kikawa ubatik, na hata ndani ya kila sauti mambo hubadilika: pumzi iliyokuwa ikifuata mpasuko wa k sasa huutangulia, na msikilizaji huhisi kana kwamba msemaji anameza maneno badala ya kuyatoa. Kinyume ni kazi ya akili inayoijua lugha vizuri hata ikaweza kucheza nayo. Usemi wa utepe uliogeuzwa ni wa mashine, na kinywa cha binadamu huuiga kwa taabu kubwa. Kwa hiyo utepe ule hautimizi ishara ya Rituale, kwa kuwa lugha iliyosemwa ni ileile ya mtoto. Lakini unaleta ajabu nyingine ambayo waandishi wa 1614 hawangeweza kuiwaza. Ndiyo sababu pande zote mbili huutumia kwa ushahidi.

Mmoja au wengi

Utepe unaposikilizwa kwa kugeuzwa, sauti inaomba ipewe nafasi, ikitumia nafsi ya wingi. Kisha inasema kwamba yenyewe si yeyote. Hapo anapofika mfasiri, kalamu yake husita. Katika Kiswahili tafsiri iliyo karibu ni "mimi si mtu". Kauli hiyo ina maana mbili. Aweza kuisema maskini anayejidharau, na aweza kuisema kiumbe asiye binadamu. Watazamaji wa Kiingereza wanabishana kama sauti ile ni ya mtoto aliyepoteza nafsi yake au ni ya pepo anayejificha. Kiswahili kinaweza kuzibeba maana zote mbili katika sentensi moja, na mfasiri mwema ataiacha hivyo.

Suala la idadi ni gumu zaidi. Karras anamweleza Merrin kwamba ametambua nafsi tatu tofauti ndani ya mgonjwa. Mzee yule anamkatiza na kumwambia kwamba yuko mmoja tu. Swali hili ni la kale. Katika Injili ya Marko, pepo wa mtu aliyeishi makaburini anachanganya nafsi ya umoja na ya wingi katika jibu lake. Kitenzi cha Kiswahili hakimruhusu msemaji kuficha idadi yake, kwani ni lazima aseme ni- au tu-. Pepo wa filamu hii anaruka kutoka kiambishi kimoja hadi kingine, na kila aruke, mabishano ya watazamaji huanza upya.

Hata jina la pepo huyo lina utata. Katika filamu anajiita Ibilisi. Lakini sehemu ya kwanza ya filamu, iliyopigwa Hatra karibu na Mosul nchini Irak, inamwonyesha Merrin akikabiliana na sanamu ya Pazuzu, ambaye jina lake limetajwa katika riwaya. Watu wa Mesopotamia walimjua Pazuzu kuwa pepo wa upepo mkali uletao maradhi. Hata hivyo, kina mama wajawazito walivaa hirizi yenye kichwa chake ili awakinge wao na watoto wao dhidi ya Lamashtu, pepo wa kike aliyesadikiwa kuwaua watoto wachanga. Hivyo aliyeogopwa ndiye aliyekuwa mlinzi. Wapenzi wa filamu hubishana kama Blatty alikosea kumchagua. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki mawazo hayo mawili si mageni: neno pepo lenyewe ndilo wingi wa upepo, na pepo huyohuyo amwumizaye mtu huweza, akiridhishwa, kumlinda na kumsaidia.

Sauti na mwenye sauti

Mabishano juu ya mwenye sauti hayakuishia ndani ya hadithi. Aliyeigiza Regan ni Linda Blair, lakini sauti ya pepo ni ya Mercedes McCambridge, mwigizaji aliyekwisha kupata Tuzo ya Oscar zamani. Ili kuipata sauti ile ya mikwaruzo na mikoromo, alikunywa pombe kali, akavuta sigara na kumeza mayai mabichi, na akataka afungwe kitini wakati wa kurekodi. Filamu ilipotoka, jina lake halikuwamo katika orodha ya wasanii. Alilalamika hadharani, na nakala za baadaye zikalitaja. Wakati huohuo Blair alikuwa ameteuliwa kushindania tuzo kwa uigizaji huo, na watu wakaulizana: je, kinachosifiwa ni mwili wa huyu au sauti ya yule? Swali waliloliuliza juu ya Regan na pepo wakaliuliza juu ya waigizaji wake.

Ushairi na ngoma za pwani zimekwisha kulizoea swali hili. Katika vilinge vya pepo vya Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo humpanda kichwani, humkalia, na husema kwa kinywa chake. Asemapo, wasikilizaji humjibu pepo wala hawamjibu kiti. Maneno yakiwa ya matusi, kiti halaumiwi. Istilahi hii inatenganisha waziwazi mwili utoao sauti na mwenye kauli. Laiti watengenezaji wa filamu wangekuwa nayo, ugomvi wa McCambridge ungepata maneno ya kuueleza.

Maneno ya kumwondoa pepo

Hapa panahitaji kukaa kidogo. Jina la filamu lina neno moja la Kiingereza lenye asili ya Kigiriki, linalohusu kuapisha. Kiswahili kina maneno kadhaa, wala hayalingani.

Kupagawa ni kutendwa. Msingi wake ni pagaa, kubeba mzigo begani, ndiko pia kulikotoka pagazi. Asemaye "amepagawa" anasawiri mtu na pepo walioshikamana kama mzigo na mchukuzi wake. Kupandwa ni kutendwa pia, lakini sura yake ni ya mpanda na mpandwa, na apandaye huweza kushuka. Kutoa pepo ni lugha ya makanisa na Biblia: pepo yumo ndani, naye hutolewa kwa amri. Kuzingua ni kumfungua mtu kutoka katika jambo lililomzonga, mara nyingi kwa visomo. Kupunga pepo ni jambo jingine kabisa. Punga ni kutikisa huku na huku, kama mtu apungaye mkono. Naye apungaye upepo anajipatia hewa safi na raha. Apungwaye pepo huchezewa ngoma, hufukizwa ubani, na pepo wake huulizwa jina, kabila na haja yake. Lugha aisemayo pepo, iwe Kiarabu, Kihabeshi au ya Kibuki kutoka Bukini, humtambulisha kabila lake. Lengo mara nyingi si kumfukuza, bali ni kupatana naye ili akae kwa amani.

Tofauti hii inaligusa jambo lililo kitovu cha filamu. Merrin anamwonya Karras asizungumze na pepo, kwa kuwa ni mwongo anayechanganya uongo na kweli ili kuwashambulia. Karras anashindwa kutii onyo hilo, na watazamaji wengi huuona udhaifu huo kuwa mwanzo wa maangamizi yake. Mganga wa kilingeni angelishangaa katazo hilo, kwani kwake mazungumzo ndiyo tiba. Kwa hiyo mfasiri akiiita filamu hii Mpunga Pepo, atakuwa amelivuruga fundisho lake lote kwa neno moja. Mtoa Pepo ni sahihi zaidi, ingawa halina uzito wa kiapo uliomo katika neno la asili. Wala haifai neno hilohilo litumike na kila mhusika. Katika filamu madaktari ndio wanaoipendekeza ibada kwa mara ya kwanza, si kwa kuiamini, bali kwa kudhani kwamba mgonjwa akisadiki kuwa ametolewa pepo huenda akapona. Wao wangesema "ajionaye kuwa amepagawa". Mama anasema kama mzazi aliyekata tamaa, padri anasema kwa lugha ya kitabu chake.

Kitenzi cha mwisho

Mwishoni Merrin anakufa kwa moyo. Karras anamshika mtoto, anampiga, na kumtaka pepo amwingie yeye. Uso wake unabadilika, mikono yake inaelekea shingoni mwa mtoto, kisha uso unarudi kuwa wake, anapiga kelele ya kukataa, na anapita dirishani hadi chini ya ngazi ndefu za mawe. Ngazi hizo, zenye vipandio 75, zipo Georgetown hadi leo. Mwaka 2015 ziliwekewa bamba la kumbukumbu, na wapenzi wa filamu huzitembelea.

Watazamaji wengi wa 1973 walitoka wakiamini kwamba pepo ameshinda: alimwingia padri na kumwua. Blatty alisikitishwa sana na tafsiri hiyo. Kwa kusudi lake, Karras alirudiwa na nafsi yake kwa nukta chache, akazitumia kuutoa uhai wake ili mtoto apone. Mabishano haya yanaweza kuelezwa kwa kitenzi kimoja. Wa kwanza wanasema alitupwa. Blatty anasema alijitupa. Kiambishi -ji- ndicho kinachobeba imani yote ya filamu: kwamba mtu, hata akiwa kiti cha uovu, hubaki na sehemu yake iwezayo kutenda. Wanaomwunga mkono Blatty hutaja kwamba chini ya ngazi rafiki yake padri anamwuliza Karras kama anataka kuungama, naye, akiwa hawezi tena kusema, anajibu kwa kuubana mkono wake. Katika filamu iliyojaa sauti zisizo na wenyewe, kauli hii isiyo na sauti ndiyo pekee ambayo mwenyewe hana shaka.

Toleo la mwaka 2000, lililoongezwa dakika 10 hivi, lilirudisha mazungumzo ya mapadri hao wakiwa wamepumzika ngazini. Karras anauliza kwa nini mtoto huyu, na Merrin anajibu kwamba shabaha ni kuwakatisha watu tamaa, wajione kuwa wanyama wasiostahili kupendwa. Blatty alikuwa ameyataka tangu mwanzo. Friedkin aliyakata kwa kuona kwamba filamu imekwisha kuyasema bila maneno. Wapenzi wamegawanyika hata hapa, na ubishi wao ni ule wa siku zote wa fasihi: kazi ya sanaa ijifafanue, au iachie hadhira?

Hitimisho

Yaweza kudhaniwa kwamba haya ni mazungumzo ya watu wanaojiburudisha. Lakini chanzo cha riwaya ya Blatty kilikuwa habari aliyoisoma gazetini mwaka 1949, alipokuwa mwanafunzi wa Georgetown, juu ya mvulana wa Maryland aliyefanyiwa ibada kama hiyo. Na mwaka 1976 katika Ujerumani Magharibi, mwanafunzi mmoja wa kike wa miaka 23 alifariki kwa utapiamlo baada ya ibada 67 za kutolewa pepo. Sauti yake ilirekodiwa kwenye tepu. Waliomzunguka walizisikia humo sauti za pepo wengi wenye majina. Madaktari walimsikia mgonjwa wa kifafa na wa akili. Mwaka 1978 wazazi wake na mapadri wawili walitiwa hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe.

Neno atakalochagua mtu kuieleza sauti asiyoielewa huamua ni nani atakayeitwa usiku huo: daktari, padri, shehe au mganga. Kiswahili kimejaliwa maneno mengi kwa jambo hili, na kila neno lina nadharia yake ya nani asemaye. Kazi ya mfasiri na ya mtunga kamusi si kuyapanga yote kando ya neno moja la Kiingereza kana kwamba ni visawe. Ni kueleza kila moja linamweka nani katika nafasi ya mtenda, na linambakishia mgonjwa nini.